Nilikuta mupanga chini ya matela ya kulalia ya mutoto wangu

Tantini jambo,

Mi ni mama wa batoto ine, tunakaa huku Katuba, mu Lubumbashi, nauzisha makala ya kupikia na tomati mbele ya parsele. Hii barua naandika nafuta, naandika nafuta, juu naogopa bantu ba karitye batanijua, kwa hiyo usitie jina yangu tafazali.

Mutoto wangu wa kwanza ni kijana, eko na miaka 15. Baba yao eko Kolwezi anachimba, anarudia nyumba kisha miezi mbili ao tatu, akifika anasikia mambo yote siku moja, anakamata mukaba anamupiga mbele ya badogo yake, halafu anarudia Kolwezi. Mwaka jana katikati bakamufukuza ku masomo juu ya fre, franga haikuwa, nikamuambia angoje kidogo, na ile kidogo imefika paka leo. Mwanzo alikuwa anabaki na miye, ananisaidia kubeba masaki ya makala. Kisha akaanza kutoka na bale bavijana banakaaka ku kona ya avenyi, fasi banauzisha lutuku, ile pombe kali, beko na grupe yao banaiita ekiri, na bakubwa bamo beko na miaka 20 na kupita. Sasa anarudia saa tano, saa sita ya usiku. Akikula bukari anakulia kwa mulango, amesimama, macho inje, sawa muntu anangoja kuitwa.

Hii wiki nilikuwa nafagia mu chumba, nikanyanyua matela, nikakuta mupanga bameifunga mu ile kartable yake ya masomo ya zamani. Tantini, mikono ilitetemeka nikakaa chini. Na kwiko kijana moja wa avenyi ya nyuma, bamemukata ku mukono usiku, bakamunyanganya telefone, sasa eko ku lopitali, na bantu banasema bavijana balikuwa batano na wangu alikuwa mu kati yao. Nikimuuliza ananijibu paka "mama acha, hauyue kitu".

Sasa kila muntu eko na neno yake. Mudogo ya bwana anasema tumupeleke ku kasho ya polisi, bamufungie siku mbili, bamupige kidogo bamutie woga, kisha tunatoa kitu atatoka amenyooka. Mama moja wa kanisa anasema ni bulozi, kwiko nabii anaweza kumutoa mapepo, lakini lazima mutoto abaki kule bila kula. Jirani anasema bamupeleke Kaniama sawa bale bakuluna, bavijana ba makundi ya mipanga, ba Kinshasa. Mama yangu anasema nimutume Kasenga kwa mujomba yake. Bwana, ku telefone, ameniambia: akirudia usiku funga mulango, alale inje, ataijua dunia. Na bavijana ba karitye banasema bakikamata moja wa ile ekiri batamuchoma na pine ya motokari.

Tena mudogo yake wa miaka 11 ameanza kumufuata nyuma. Juzi nilikuta telefone mu mufuko yake, haiko ya hapa nyumba.

Tantini, nimezaa muuaji? Nifanye nini?

Mama wa Katuba


Mama yangu, jambo.

Nianze na ule mlango, juu hiyo ni ya leo usiku. Usiufunge. Baba yao amechoka, ninaelewa, mtu akiwa mbali anasikia mabaya tu, lakini mtoto wa miaka 15 akikuta mlango wa kwao umefungwa saa sita ya usiku hatakaa inje peke yake na kufikiri maisha. Ataenda kwa wale wakubwa wa ku kona. Watampa fasi ya kulala, watampa chakula, watampa lutuku, na asubuhi atakuwa na deni kwao. Na siku wakimwambia "leo unakuja na sisi, wewe njo utamkata yule", hataweza kusema hapana, juu hana kwingine kwa kulala. Kundi linapata watoto namna hiyo, mama, linaokota wale ambao nyumba imewatoa, masomo yamewatoa, kanisa limewaita walozi. Karibu mashauri yote uliyopewa ni ya kumtoa inje, na mimi nakuomba ufanye kinyume, umvute ndani, lakini na sheria kali.

Unaniuliza kama umezaa muuaji. Hapana. Watu wanaochunguza hii mambo wameona kitu kimoja karibu kila inchi: ukali wa vijana unapanda kuanzia miaka 13 au 14, unafika juu kabisa karibu 17, 18, 19, halafu unashuka, na wengi wao wanaacha wenyewe wakipata kazi, mke, mtoto, mtu wa kuwaheshimu. Wanaoendelea mpaka uzee ni wachache. Na vijana mara nyingi wanafanya ubaya wakiwa wengi, kila mmoja anaogopa kuonekana mwoga mbele ya mwenzake, unakuta watano wamefanya kitu ambacho kila mmoja wao peke yake hangefanya. Ile sehemu ya akili inayosimamisha mkono na kufikiri kesho inaendelea kukomaa hata kupita miaka 20. Sisemi hivi ili asamehewe bure, yule mtoto wa watu ana mkono uliokatwa na mama yake pia analia mahali fulani hapo Katuba. Nasema hivi ili ujue bado kuna kitu cha kushika.

Sasa ile panga. Itoke mu nyumba leo. Usiitupe mu choo na usiioshe, juu kama ilitumika kwa ile mambo utakuwa umeharibu ushahidi na wewe mwenyewe utaingia mu matatizo. Uifunge vile vile, uipeleke kwa mtu mkubwa unayemwamini ambaye haishi ku avenyi yenu, aiweke chini ya kufuli mpaka mpate kuongea na avoka (wakili) au asistanti sosiali (mtu wa kazi ya jamii). Usizunguke nayo mu karitye na usiende kumwonyesha jirani hata mmoja. Na umwambie kijana wazi kwamba ni wewe umeichukua. Asifikiri imeibwa akaenda kutafuta ingine.

Halafu uongee naye, na namna ya kuongea ni kazi yenyewe. Si mbele ya wadogo zake, si mbele ya mjomba, si saa ile anaingia amelewa. Ngoja siku yuko na akili safi, upike, umkalishe chini akule bukari amekaa, si kwa mlango. Usianze na "ulikuwa na nani ile usiku", atafunga mdomo sawa anavyofunga sasa. Anza na hii: "Nani anakutisha?" Vijana wengi wanaotembea na kisu ao panga wanaibeba juu ya woga, kuna kundi lingine linawatafuta, ao wakubwa wao wenyewe wamewaambia asiyebeba ni mwanamke. Na ubaya ni kwamba kubeba hakumlindi, ugomvi wa ngumi unakuwa ugomvi wa damu, na mara nyingi anayekatwa ni yeye yule aliyeibeba. Ukishauliza, nyamaza. Acha kimya kikae hapo katikati hata kama kinakuumiza. Akilia, mwache alie. Akikasirika na kutoka, usimfukuzie, kesho unarudia tena.

Kisha umpe maneno mawili pamoja, yasitengane: "Mi sitakufukuza mu hii nyumba" na "mu hii nyumba haitaingia panga ya kupigana, na giza likiingia uko ndani". Ukisema la kwanza tu atakudharau, ukisema la pili tu ataondoka.

Tuje kwa kasho. Mwambie shemeji yako kwa heshima kwamba hapana. Marekani walikuwa na programu za kupeleka vijana kutembelea buloko (jela) ili wafungwa wawatishe, watafiti wakakusanya majaribio tisa ya namna hiyo, wakaona vijana waliotishwa walifanya makosa zaidi kuliko wale walioachwa tu. Hapa kwetu tulifanya kwa ukali kupita hapo: Novemba 2013 polisi Kinshasa ilianza Opération Likofi juu ya kumaliza kuluna, na Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, ikaandika kwamba vijana na watoto wasiopungua 51 waliuawa, wengine walichukuliwa na hawakuonekana tena. Kuluna ziliisha? Hazikuisha, unazisikia mpaka leo. Siku mbili za kasho zitampa mtoto wako marafiki wakubwa zaidi, na ile "tutatoa kitu atatoka" itamfundisha kwamba kosa linanunuliwa.

Kuhusu bulozi nitasema bila kupepesa macho. Ukitaka kusali naye, sali, sala haijawahi kumkata mtu mkono. Lakini kumpeleka kwa mtu atakayemfungia na kumnyima chakula, usikubali hata kama anakuja na Biblia kubwa namna gani. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, artikle ya 41, inakataza kumtesa mtoto na kumtupa juu ya kusema ni mlozi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa mwaka 1 mpaka 3 ya buloko mtu anayemshitaki mtoto bulozi. Watoto wangapi wanalala inje Lubumbashi juu mtu mmoja wa kanisa alisema neno moja? Hii inaniuma sana.

Kaniama-Kasese, huko Service national, kazi ya Leta (serikali), inapeleka wale wa Kinshasa tangu 2020 kulima na kujenga. Huko si fasi ya mama kupeleka mtoto wa miaka 15, mtoto ana juji wake na sheria yake. Kasenga ni shauri lenye akili kidogo, nyanya anaona mbali, lakini niulize: mjomba anamtaka kweli, au anakubali juu ya aibu? Kuna kazi gani kule, kuvua, kulima, masomo? Na ataenda kabla ya kujibu mambo ya yule aliyekatwa? Akienda sasa hivi watu watasema amekimbia, na akirudi baada ya mwezi kona ni ile ile. Kama ile hatari ya kuchomwa ni ya kweli, kama unasikia majina yanatajwa, mwondoe hata leo, alale kwa ndugu ku komini ingine, Kampemba ao Ruashi, siku chache tu, huku mambo ya haki yanafuatwa. Hapo si kumficha, ni kumwokoa na pine.

Sasa yule mtoto aliye lopitali, maana mashauri yote uliyoletewa yanamsahau yeye. Ukishajua kutoka mdomo wa mwanao kama alikuwa pale, hamtakaa kimya. Ile sheria ya 2009 inasema mtoto asiyefika miaka 14 hahukumiwi kwa kosa la jinai, lakini kuanzia 14 mpaka 18 anajibu mbele ya tribinali ya watoto, si mbele ya tribinali ya wakubwa. Yule juji ana njia nyingi: anaweza kumkemea na kumrudisha kwa wazazi na amri ya kumchunga, anaweza kumweka kwa familia ingine ya kumwangalia, anaweza kumpeleka ku etablisma ya kulea watoto, kila njia kufuatana na ukubwa wa kosa. Mtoto ana haki ya avoka na ana haki mzazi awe pale anapoulizwa. Kwa hiyo nenda kwanza ku Affaires sociales, ofisi ya mambo ya jamii, uombe asistanti sosiali, na mkienda mbele ya polisi au parke (ofisi ya mashitaka) muende pamoja naye, ukisema tangu mlangoni: "huyu ni mtoto, ana miaka 15, nina hati yake ya kuzaliwa." Hiyo hati itafute leo. Vijana wengi wanawekwa na wakubwa juu hakuna karatasi ya kuonyesha umri.

Na kwa familia ya yule mtoto, msiende wewe peke yako na machozi. Chukua wazee wawili wanaosikilizwa, pande ya baba na pande ya mama, wapeleke pole na kitu kidogo cha dawa. Sheria pia inawaangalia wazazi, hasara mtoto anayekaa kwenu amefanya inaweza kudaiwa kwenu. Mkiitwa kukaa chini muongee, mkae, lakini msifanye siri ya kufunika mambo kwa franga, mkono uliokatwa na panga si mambo ya kumaliza chini ya mwembe peke yake, juji lazima ajue. Baadaye, familia ile ikikubali, mwanao mwenyewe aende. Amwone yule kijana na bandeji yake. Kwa mtoto ambaye mpaka sasa ameona tu kicheko cha wenzake baada ya kila kitu, ile saa moja inaweza kumgusa kuliko mikaba yote ya baba yake.

Na hapo niseme juu ya mkaba. Utamwambia baba yao, kwa sauti ya mke si ya hakimu, kwamba yeye njo ana nguvu zaidi ya kumrudisha huyu mtoto, lakini si kwa njia ile. Mtoto anayepigwa mbele ya wadogo zake anajifunza kwamba mkubwa ni yule mwenye mkono mzito, kisha anaenda kuitumia ile masomo inje. Apige telefone mara nyingi, amuulize amekula nini, amefanya nini, hata dakika tano. Akija, watengeneze kitu pamoja, hata paa la nyumba.

Kitu kilichonishika sana mu barua yako ni ile kartable. Mtoto aliyefukuzwa juu ya fre ndiye anafungia panga mu mfuko wa vitabu. Masomo ya msingi ya Leta yamekuwa bure tangu Septemba 2019, lakini wa miaka 15 yuko juu ya hapo, na juu ya hapo mzazi analipa, na karitye zetu zimejaa watoto wa 13, 14, 15 waliosimamishwa hapo hapo mlangoni, siku nzima mikono haina kitu. Kama mwaka huu fre haiwezekani, usingoje tena "kidogo". Tafuta ufundi: kuchomelea vyuma, mekaniki, useremala, kwa fundi wa karitye ingine, si wa kona ile. Mapadri wa Don Bosco hapa Lubumbashi wana Cité des Jeunes kwa ufundi, na wana Bakanja kwa watoto waliofika kulala inje, wamezoea vijana kama wako, nenda ukawaulize, hata kama hawana nafasi watakuonyesha kwa kupita.

Na usidharau kuongea. Kule Monrovia, Liberia, watafiti walichukua wanaume 999, wezi, wauza dawa za kulevya, wengine waliwahi kuwa wapiganaji. Wengine walikaa wiki nane mu vikundi vidogo na watu waliowahi kuishi maisha yale yale, wakajifunza kushika hasira, kunyoa, kuvaa vizuri, kuingia mu banki ao mu duka kubwa na kuona kwamba hawafukuzwi. Baadhi yao walipata pia dola 200 za kuanzia biashara ndogo. Miaka 10 baadaye, wale waliopata mazungumzo na ile franga pamoja walikuwa wanaiba na kufanya ujambazi karibu nusu tu ya vile wenzao wasiopata kitu walivyofanya. Ile programu iko mbali na Katuba, sawa, lakini ile ya ndani yake unaweza kuitafuta hapa: mtu mzima mmoja aliyewahi kupita mu njia hiyo akatoka. Kila komini inao. Ni fundi fulani, ni wewa fulani mwenye pikipiki yake ya kubeba watu, ni mkubwa wa kwaya. Huyo atasikilizwa fasi ambayo wewe na mimi hatusikilizwi.

Mwisho ni yule mdogo wa miaka 11, na yeye usimwache wa kesho. Ekiri wanapenda watoto wadogo kwa kubeba na kuficha vitu, wanajua sheria haiwafungi. Ile telefone usiiwashe, usiiuze, iende pamoja na ile panga kwa yule mtu unayemwamini, na asistanti sosiali ajue, inaweza kuwa ya yule yule aliyekatwa. Muulize nani alimpa, kwa upole, na usimpige akisema ukweli. Uende umwone mwalimu wake umuulize kama anaingia kila siku mu klasi, na kuanzia kesho, masomo yakiisha, apitie kwako ku makala, akae hapo na kitabu chake mpaka mnafunga.